Kengele ya Kitanda cha Tisa

Dorkas alimkuta mama mkwe wake amefungwa kitandani kwa shuka.

Ilikuwa Jumatano, saa saba mchana. Alikuwa ametembea kutoka shambani kwake kijijini Mamba na bakuli la makande lililoviringishwa ndani ya kitambaa ili lisipoe, na njia nzima alikuwa akiwaza tangawizi yake tu, maana lori la mnunuzi lingefika kesho yake na nusu ya shamba ilikuwa bado haijang'olewa. Alipoingia wodi ya wanawake ya hospitali ya misheni ya Mtakatifu Monika, wagonjwa waliokuwa wakiongea walinyamaza. Akajua kuna jambo. Kwenye kitanda cha tisa, shuka lilipita juu ya tumbo la Bibi Koleta, mama mkwe wake, likazungushwa chini ya vyuma vya kitanda na kupigwa fundo upande ambao mkono wake mzima haukuweza kufika. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta mpya nyeupe, ambayo Jumapili haikuwapo.

Bibi Koleta hakuitikia salamu. Alikuwa amegeukia ukutani.

Nesi Lukia alikuja akijifuta mikono kwenye aproni, akaeleza bila kuulizwa mara mbili. Jumatatu baada ya chakula cha mchana Bibi alijaribu kushuka kitandani. Mguu wa kushoto, ule uliopooza kwa kiharusi, haukumpokea, akaangukia mkono. Lukia alikuwa upande wa wanaume akimtundikia mtu dripu, hakusikia kitu. Bibi Kurwa wa kitanda cha kumi ndiye aliyepiga kelele mpaka sauti ikakauka. Baada ya hapo Matroni alitoa amri: mzee aliyepooza akae na ndugu wa kumwangalia saa zote, na asiyekuwa na ndugu wa kukaa naye afungwe.

"Si kwa ubaya, dada," Lukia alisema. "Akianguka tena atavunjika nyonga. Na nyonga ya mzee hairudi."

Dorkas aliuliza wodi ile ilikuwa na manesi wangapi. Zamani watatu, Lukia alijibu. Mmoja alipunguzwa kazi, mwingine aliondoka mwenyewe akafungue duka la dawa Same, na yeye ndiye aliyebaki na wodi mbili. Kisha akaongeza, akitazama kandambili zake, kwamba kwa anguko lile la Jumatatu alikuwa ameandikiwa barua ya onyo.

Dorkas alifungua fundo. Lukia hakumzuia, ila alisimama karibu na mlango akiangalia kama Matroni anakuja. Bibi Koleta alipoketishwa alikula vijiko vitatu vya makande, akasukuma bakuli pembeni, na hapo ndipo aliposema.

"Mbuzi hufungwa asije akala mahindi ya mtu. Mimi nimekula ya nani?"

Dorkas alikaa naye mpaka jua lilipoanza kuinama. Alimnyoosha mgongo, akamfulia kanga mbili, akazianika dirishani. Ulipofika wakati wa kuondoka alimtazama Lukia, na Lukia akatazama pembeni. Basi Dorkas akachukua lile shuka na kulifunga mwenyewe, legelege, kama mtu anayefunga trei ya mayai. Mama mkwe wake alifumba macho wakati anafungwa. Dorkas alitembea hadi kwake bila kumwona mtu yeyote njiani, ingawa baadaye majirani wawili walisema waliamkiana naye.

Kesho yake alipanda juu ya magunia ya tangawizi kwenye lori la mnunuzi, akateremka Same.

Mumewe Asheri alikuwa na meza ya kutengenezea redio karibu na stendi. Alikuwa fundi umeme kwenye korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, cha shamba moja kule bondeni, mpaka shamba lilipopata mwenyewe mpya na watu mia mbili wakapewa karatasi zao za kuachishwa kazi kwa siku moja. Siku hizi Same ilikuwa imejaa redio ndogo za kutoka Dubai, nyepesi kama maboksi ya viberiti, ambazo ziliharibika haraka na watu waliona afadhali kununua nyingine. Asheri alikuwa na masanduku mawili ya mizoga ya redio chini ya meza, na alilala kwenye chumba cha kupanga ili asiache kazi ndogo zilizobaki zipite. Nyumbani, kule milimani, alipanda Jumamosi kwa Jumamosi.

Dorkas alimsimulia amesimama. Asheri alisikiliza akiwa na kisu cha risasi, kile cha kuunganishia waya, mkononi, kisha akakizima na kuanza kufunga meza. Alitaka kupanda siku ileile akamwulize Matroni kama yeye hakuzaliwa na mwanamke.

"Utamwuliza, naye atakujibu," Dorkas alisema. "Halafu utashuka, na nesi atabaki mmoja vilevile. Ugomvi hauzai nesi."

Asheri alikaa. Dorkas alikunywa maji. Mwishowe Asheri aliuliza jambo ambalo mkewe aliliona la ajabu: kutoka kitanda cha mama mpaka meza ya nesi ni hatua ngapi? Dorkas alifikiri, akasema hazipungui thelathini, maana meza ipo kwenye korido, katikati ya wodi mbili.

"Yeye hawezi kuita akasikika," Asheri alisema. "Basi kitanda ndicho kiite."

Alifanya kazi siku hiyo na kesho yake. Alikata vipande viwili vya bati kutoka debe la mafuta ya kupikia, akavitenganisha kwa sponji ya kiti cha gari na springi nne za kalamu. Mtu akilala juu yake, bati lilididimia na waya zikaachana. Akiinuka, springi zililirudisha, waya zikagusana, na kengele ya mlangoni aliyoinunua kwenye vyuma chakavu ikalia. Yote yaliendeshwa na betri nne za tochi, maana kule hospitalini jenereta iliwashwa kwa ajili ya upasuaji na saa mbili tu za jioni. Alijaribu kwa kukalia. Kila aliponyanyuka kengele ilipiga, na mshona viatu wa meza ya pili akawa anageuka kuangalia nani amebisha hodi barabarani.

Matroni Veneranda aliwapokea Jumamosi asubuhi, yeye akiwa ameketi nao wakiwa wamesimama, ingawa ofisini mlikuwa na viti viwili. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa plasta upande mmoja. Asheri aliweka mabati yake mezani. Matroni hakuyagusa. Aliuliza cheti chake cha ufundi kiko wapi. Asheri akasema cheti kilibaki kwenye faili la kampuni ya mkonge, na kampuni haipo.

"Kwa hiyo unataka nimlaze mgonjwa juu ya umeme wa mtu asiye na cheti."

Asheri alitoa ncha za waya, akaziweka ulimini mwake mbele ya Matroni, akazishikilia hapo mpaka Matroni mwenyewe alipogeuza uso. Kisha akaeleza kwamba betri za tochi haziui hata panya. Matroni alivua miwani, akaifuta, na akasema jambo ambalo Dorkas hakulitegemea. Alisema yeye pia hakupenda kuona watu wamefungwa, lakini mwaka uliopita alizika wazee wawili walioanguka, na ndugu zao walimwita muuaji pale getini. Alitoa siku tatu. Kengele isipofaa, shuka lirudi.

Haikufaa.

Asheri alipitisha waya juu ya fremu za madirisha mpaka kwenye meza ya Lukia, akatundika kengele hapo, mbele ya mlango wa wodi ya wanaume, na alipomaliza wagonjwa walipiga makofi. Lakini Bibi Koleta alikuwa mtu wa kugeuka. Plasta ilimwasha, mgongo ulimuuma, kila baada ya muda alijiinua nyonga akitafuta mahali pazuri, na kila alipojiinua kengele ililia. Lukia alikimbia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Alimwacha mtu na sindano ambayo haijachomwa. Kila alipofika alimkuta Bibi amelala chali, akimwangalia kwa aibu. Wagonjwa walianza kuiita kengele ya shule. Mmoja akawa anasema "mapumziko" kila ilipolia, wengine wakacheka, na Bibi Koleta akawa analala bila kutikisika hata kidogo, mwili mzima umekaza kama ubao, ili asiwasumbue watu.

Jumapili mchana Lukia alichomoa waya. Hakumwambia mtu. Na jioni ileile, wakati wa kugawa dawa, alimkuta Bibi Koleta amesimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo ya kitanda kwa mkono wake mzima, hawezi kurudi wala kwenda mbele. Alimdaka kabla hajaanguka. Usiku huo shuka lilifungwa tena.

Asheri alipofika Jumatatu asubuhi, Lukia alikiri mwenyewe kwamba ndiye aliyechomoa. Asheri hakumlaumu. Alikaa kwenye benchi la korido, vifaa vyake miguuni, akamwambia mkewe kwamba pengine Matroni alisema kweli, na kwamba yeye ni fundi wa vitu vilivyokwisha kufa.

Dorkas hakumbembeleza. Aliingia wodini, akalegeza shuka, akakaa kitandani karibu na miguu ya mama mkwe wake. Kwa siku zote zile watu walikuwa wakisema jinsi ya kumzuia Bibi asishuke. Hakuna aliyekuwa amemwuliza anashukia nini.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huwa unataka kwenda wapi?"

Bibi Koleta alitazama kwanza kama mwanawe yuko karibu. Alipoona hayupo alijibu kwa Chasu, lugha ya kwao, haraka, karibu na sikio la Dorkas. Alikuwa anataka kwenda chooni. Mchana ndio wakati wa wageni, na wanaume huingia kuwaona wake zao na mama zao. Siku moja, wakati amekalishwa kwenye beseni la haja, katekista wa kigango chao aliingia kuwaombea wagonjwa, akasimama hapohapo miguuni pake, akaanza sala. Bibi aliisikiliza sala yote juu ya beseni. Tangu siku hiyo aliapa hatakalia tena chombo kile. Alikuwa akiita nesi kwa sauti, nesi hasikii. Akisubiri, anachafua kitanda. Basi alikuwa anajaribu mwenyewe.

"Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume," alisema. "Sijawahi kujisaidia mbele ya katekista."

Dorkas alimshika mguu ule usiohisi kitu, akaukandakanda hivyohivyo. Kisha akamwomba jambo moja: amshirikishe nesi tu siri hiyo, mwanamke kwa mwanamke. Bibi alifikiri, akakubali.

Lukia aliposikia alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha kumi. Alisema angempeleka chooni hata mara kumi kwa siku, kama angejua tu ni wakati gani. Bibi Kurwa, ambaye kitanda hicho kilikuwa chake, alisogeza miguu yake iliyovimba kumpa nafasi, akasema wazee wote wa wodi ile wana shida hiyohiyo, ila hakuna anayeanza kuisema.

Asubuhi hiyo yote Dorkas alimtazama mama mkwe wake akigeuka na akijaribu kuinuka, akahesabu kwa vidole. Akigeuka tu, nyonga ilinyanyuka na kurudi kabla hajahesabu mbili. Lakini akitaka kushuka kweli, alijivuta, akaketi ukingoni, akapumzika kwanza. Hapo Dorkas alihesabu mpaka kumi na tano, na mguu ulikuwa bado haujagusa sakafu. Alitoka akamweleza mumewe hesabu hiyo, bila kumweleza kinachomshusha Bibi kitandani.

Asheri alimtazama kama mtu aliyeletewa maji jangwani. Alisema kengele yake haikuwa na ubaya, ilikuwa haina subira. Alifungua mzoga wa redio aliokuja nao, akatoa kapasita moja, transista moja na vidude vingine viwili, akaviunga juu ya benchi kwa kisu cha risasi alichokipasha moto kwenye jiko la mkaa la jikoni. Alimlaza mkewe juu ya mabati, akamwambia ageuke. Kengele ilinyamaza. Akamwambia anyanyuke kabisa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo ikalia. Lukia, aliyekuwa mwisho wa korido, alifika kabla Dorkas hajahesabu kumi.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya Dorkas. Alifunga kamba kutoka dirisha hadi nguzo ya kitanda, akatundika juu yake zile kanga mbili, na kitanda cha tisa kikawa na pazia.

Siku ya Jumanne, saa nane na robo mchana, wageni wakiwa wamejaa wodini, kengele ililia mara moja. Lukia aliweka chini trei yake, akaja kwa haraka lakini bila kukimbia. Bibi Koleta alikuwa ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, amejifunga kanga yake vizuri. Lukia alipitisha bega lake chini ya kwapa la Bibi, wakatoka polepole mbele ya wageni wote, wakapita mlango wa nyuma. Waliporudi, Bibi alikuwa ameinua kidevu. Jioni hiyo alimaliza bakuli lote la makande na kuuliza kama tangawizi ilipata bei.

Matroni alikuja siku ya nne. Alijilaza mwenyewe kwenye kitanda cha tisa, viatu amevivua, akageuka kulia na kushoto mpaka vyuma vikalia, kisha akaketi ghafla na kutega sikio. Kengele ilipopiga alisema tu, "Haya." Shuka alilikunja kwa mikono yake na kuondoka nalo.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha mchana, mvua ya milimani inayokuja kwa ghafla na kupiga mabati ya paa mpaka mtu hasikii hata anachokisema mwenyewe. Lukia alikuwa upande wa wanaume. Wageni hawakuja. Wagonjwa wengi walikuwa wamejifunika gubigubi.

Bibi Kurwa aliinama kutoka kitandani kuchukua kikombe chake kilichoviringika chini. Alikuwa mwanamke wa Tabora, aliyeletwa kwenye mashamba ya mkonge na mumewe akiwa msichana, na mume alipokufa aliendelea kukata mkonge mpaka moyo ulipochoka. Hakuwa na mtu upande huu wa nchi. Bibi Koleta alimwona anainama, akamwona anaendelea kuinama, na akamwona anatoweka. Alianguka katikati ya vitanda viwili, uso chini, mkono mmoja umebanwa chini ya kifua. Hakulia.

Bibi Koleta aliita. Mvua ilimeza sauti. Aliita tena kwa nguvu zake zote, na mgonjwa wa kitanda cha upande wa pili, aliyejifunika, hakutikisika. Alijua akishuka wataanguka wawili. Alimwona mwenzake anapumua kwa shida, pua imegandamana na sakafu, na damu nyembamba ikianza kutambaa kwenye saruji. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye ana njia ya kuita isiyohitaji koo.

Alishika chuma cha kitanda kwa mkono wa kulia, akasukuma kwa mguu wake mzima, akainua nyonga juu ya mabati. Hakuketi. Alijiinua tu na kujishikilia hewani, plasta imemwegemea kifuani kama jiwe. Moja. Mbili. Aliogopa kushuka kabla ya wakati, maana kifaa kingeanza kuhesabu upya. Tatu. Nne. Jasho lilimwingia machoni. Alipofika tano hakusikia kitu kwa ajili ya mvua, akaendelea kujishikilia bila kujua kama kengele inalia au hailii.

Lukia aliingia anakimbia. "Nimekuja, mama, usishuke, ningoje."

"Si mimi," Bibi Koleta alisema. "Tazama chini."

Walimgeuza Bibi Kurwa, wakamkalisha, akakohoa, akavuta hewa ndefu. Alishonwa nyuzi tatu kwenye paji la uso. Daktari alisema angekaa vile robo saa nyingine, kwa moyo ule, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Bibi Koleta hakuweza kushika kijiko siku nzima kwa jinsi mkono ulivyochoka, na Bibi Kurwa, kichwa kimefungwa bendeji, ndiye aliyemlisha.

Jumamosi Matroni alimwita Asheri ofisini na kumwonyesha kiti. Alisema barua ya onyo ya Lukia ameichana. Alisema wazee wa kulazwa muda mrefu ni sita, na stoo kuna mzigo wa waya wa simu ya zamani ambao hakuna anayejua wa nini. Hospitali haikuwa na fungu la kumlipa kama fundi wa Moshi, lakini jenereta, redio ya mawasiliano na mashine ya kuchemshia vyombo vyote vilihitaji mtu wa kuvitazama kila wiki, na nafasi hiyo ilikuwa na mshahara, mdogo, ila wa kila mwezi. Asheri aliuliza habari ya cheti. Matroni alisema cheti amekiona kwenye kitanda cha tisa.

Bibi Koleta aliruhusiwa baada ya wiki mbili, akitembea kwa fimbo na kwa bega la mkwewe. Asubuhi ya kuondoka, Asheri alikuwa amepiga magoti akihamishia mabati kitanda cha kumi, na Bibi Koleta alikuwa amesimama kando yake akimpa mwenzake maelekezo, jinsi ya kushika chuma, jinsi ya kuinua nyonga bila kuumiza mgongo. Bibi Kurwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mwenzake alikuwa na mwana na mkwe, ndiyo maana alikuwa na kengele. Yeye amuite nani?

Asheri aliendelea kufunga waya. Bibi Koleta alimpa mkono, wakashikana muda mrefu, wakaagana.

Walikuwa wamefika karibu na geti, Dorkas amebeba kanga na bakuli, waliposikia kengele. Wote watatu walisimama. Ndani, kandambili za Lukia zilipiga sakafu mbiombio kutoka wodi ya wanaume. Kupitia dirisha lililo wazi walisikia sauti ya Bibi Kurwa, imejaa hofu ya mtu aliyefanya kosa.

"Nisamehe, mwanangu. Sina shida. Nilikuwa najaribu tu kama utakuja."

Kandambili zikasimama.

"Nimekuja," Lukia alisema, na wakasikia anavuta kiti.